Kichaka Chenye Faida kwa Wananchi

Mimi ndiye yule mtaalamu bwege aliyeletwa Tarime kupanga njia za watalii wa miguu na kukadiria faida za kutunza vichaka. Mnadani nikamuuliza mama muuza ndizi kichaka kilicho nyuma ya mnada kinawafaa nini.

“Tunajisaidia sana,” akajibu.

Kichwani nikaona kuni, asali na dawa. Basi kwenye mkutano wa kijiji, kifua mbele, nikatangaza kwamba kwa kuwa wananchi wanajisaidia sana pale, njia itapita katikati, na watalii watapumzika humo wale chakula cha mchana.

Watu wakavunjika mbavu. Yule mama akasimama.

“Wewe mura, kijana wangu, choo cha mnada kilishabomoka. Hao wageni wako watakula huku sisi tumechuchumaa?”