Ala Iliyokataa Kuachia Kisu

Aibu nyingine mtu anazificha mpaka anazeeka nazo, lakini hii yangu ilitokea mbele ya ukumbi mzima, tena kukiwa na kipaza sauti, kwa hiyo kuificha ni kujisumbua bure. Heri niisimulie mwenyewe kabla wifi yangu hajawafikia na ya kwake, maana yule akisimulia anatia chumvi mpaka mboga hailiki.

Mimi ni nesi mstaafu, mjane, nakaa Moshono hapa Arusha, na Mungu alinipa mtoto mmoja tu, Elibariki. Nilipostaafu kila mtu alinishauri nifuge kuku. Nikafuga, tukachoshana mimi na wao. Basi siku moja nikapeleka mkoba wangu Ngarenaro ukashonwe mkanda, kwa fundi wa ngozi anaitwa Mzee Hamisi, nikamkuta anachonga maua kwenye mkanda wa suruali: analowanisha ngozi kidogo, anakata mistari kwa kisu chembamba, halafu anagongagonga na nyundo ya mbao na vyuma vidogo mpaka ua linainuka lenyewe kama limechipua. Nikasimama pale mpaka nikasahau mkoba. Wiki iliyofuata nikarudi kuwa mwanafunzi wake, kila Jumanne na Alhamisi, mama wa miaka sitini na moja nimekaa kwenye kigoda na miwani puani.

Siku ya kwanza akaniuliza, "Kushona unajua?"

Nikamjibu kwa maringo, "Mzee wangu, mimi nimeshona watu miaka thelathini."

Akanitazama kidogo. "Watu wanapona wenyewe, mama. Ngozi haiponi."

Nikacheka. Ningejua, ningeliandika lile neno ukutani.

Sasa, Elibariki akapata mchumba, Anande, binti wa Kichaga, wazazi wake wanakaa Kimandolu. Mama yake mcheshi, hatuna shida naye. Shida ilikuwa baba, Mzee Aminieli, makenika mstaafu, mtu mrefu mwenye maneno ya kuhesabu. Siku tuliyopeleka posa alikaa kimya kuanzia salamu mpaka chai, kisha akauliza swali moja tu: "Huyu kijana amelelewa na nani?" Mshenga wetu akasema amelelewa na mama yake, baba alifariki mtoto akiwa mdogo. Mzee Aminieli akasema, "Mama peke yake," wala haikuwa swali, akarudi kwenye chai yake.

Hakusema baya, nakiri. Lakini mimi nilirudi nyumbani na ile "peke yake" kooni kama mwiba wa samaki, haushuki wala hautoki. Nikaapa siku ya send-off ya Anande, sherehe ya kumuaga kwao, upande wetu hautaonekana una pengo. Zawadi ya mama itakuwa blanketi zuri, na zawadi ya baba itakuwa ile ambayo mwanaume angempa mwanaume mwenzake: kisu cha kukatia ndafu, yule mbuzi wa sherehe wa Wachaga, kiko ndani ya ala ya ngozi, na hiyo ala nimeichonga mimi.

Elibariki alipoona nakata ngozi akaniambia taratibu, "Mama, mnunulie koti. Mambo ya ngozi tuyaache nyumbani, nakuomba, mzee yule hajanizoea bado."

Hapo ndipo aliponiharibu. Angenyamaza ningenunua koti.

Kisu nikafuliwa na mhunzi, chuma kizuri kweli. Ala nikaichonga matawi ya kahawa yenye maua, kwa sababu kwao ni Marangu, na chini nikagonga herufi AIKA, ndiyo asante yao. Ile kahawa ilitoka vizuri jamani (hapa sijisifu, hata Mzee Hamisi aliigeuzageuza mara tatu). Nikaishona kwa uzi wa nta, mishono imelingana kama niliyomshona diwani fulani kwenye goti. Ikabaki kazi moja, kuifinyanga ishike umbo la kisu. Mzee Hamisi akanielekeza: "Loweka ala, funga kisu kwenye nailoni, kiingize, ibonyezebonyeze, iache kivulini siku mbili. Usiikimbize. Ala nzuri ukiigeuza juu chini, kisu hakidondoki."

Nikaenda nyumbani kutafuta nailoni. Nyumba nzima hakuna. Na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza mtaani kutupa mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, tena nilimkemea jirani yangu aliyebakiza miwili, sasa leo nikamgongee mlango nimwombe nailoni? Nikachukua gazeti. Nikajiambia kufunga ni kufunga.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, na send-off Jumamosi. Si mnajua Arusha mwezi wa saba, manyunyu asubuhi mpaka jioni, Mlima Meru wiki nzima hatujauona. Ijumaa mchana nikaishika ala, bado imelowa chepechepe. Jikoni nilikuwa na maharage kwenye jiko la mkaa, kuna joto la kutosha, nikaisogeza pale pembeni (nilisema dakika kumi, nikaenda kupiga pasi kitenge). Niliporudi imekauka kau, ngumu kama ubao, rangi ya kahawia inang'aa. Nikaigeuza juu chini: kisu hakikudondoka. Nikaitikisa, nacho kimetulia. Nikakivuta kidogo kikakataa, nikasema hee, hii ala imeshika kweli, nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikafunga utepe mwekundu.

Jumamosi ukumbini Kimandolu mambo yalienda vizuri mpaka yalipokwenda vibaya. Ndafu ikaingizwa kwa vigelegele, mbuzi mzima amebanikwa, majani mdomoni. MC akatangaza kwamba mama mzazi wa bwana harusi mtarajiwa amemletea mkwe wake zawadi ya pekee, kazi ya mikono yake mwenyewe, na kisu hicho ndicho kitakachokata ndafu. Nikapita mbele na kitenge changu, nikamkabidhi. Mzee Aminieli akaitazama ala kwa muda, akapitisha kidole kwenye maua ya kahawa, akasoma AIKA. Nikaona uso umelegea. Moyo wangu ukasema, umeshuka ule mwiba.

Akashika mpini, akavuta. Kisu hakikutoka. Akabadilisha mkono, akavuta tena, na hapo watu wakaanza kunyanyuka kwenye viti waone. Kaka yake akaja akashika ala chini, mzee akashika mpini juu, wanaume wawili wenye suti wanavutana mbele ya mbuzi. MC naye badala ya kunisitiri akasema, "Wageni waalikwa, kisu kinasema mahari haijatosha." Nikamtazama Elibariki, anachunguza viatu vyake kama kavinunua leo.

Mzee Aminieli jasho likamtoka, akakitazama kile kisu akasema, "Ala!"

Na mimi kwa kihoro, nimesimama karibu na kipaza sauti, nikajibu kwa heshima zote, "Ndiyo mkwe, ni ala. Nimeishona mwenyewe."

Ukumbi ukapasuka. Watu walicheka mpaka mchungaji akainama chini ya meza akijifanya ameangusha leso. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kitenge changu, lakini haikupasuka, ina vigae. Na nilijua nikirudi kukaa pale kwenye kiti, mwanangu ataanza ndoa yake na ile aibu mgongoni. Basi nikasema, "Nipeni mkasi."

Wakanipa ule wa kukatia utepe wa keki. Nilipoiona mishono mbele yangu nikajua pa kuanzia (nimetoa nyuzi kwa watu wangapi mimi). Nikamwambia Mzee Aminieli, "Shika hapa, usitikisike," akashika, hakutikisika. Nikakata uzi mmoja mmoja, kazi yangu ya wiki tatu, mpaka ala ikafunguka kama kitabu na kisu kikatoka. Lakini hakikutoka peke yake. Gazeti lilikuwa limegandamana na chuma na ngozi, na pale ndani ya ala, kwa herufi kubwa, palikuwa na kipande cha tangazo la kiwanja. MC akainamisha shingo akasoma kwenye kipaza sauti, "Ogopa matapeli."

Sitawaeleza kelele zilizofuata. Wifi yangu alilala kwenye bega la mtu asiyemjua.

Mzee Aminieli hakucheka. Akatoa leso, akafuta kisu pole pole, akakata ndafu. Kisha akanisogezea kipande cha kwanza mimi, akasema, "Mama Elibariki, kula." Nikala, hata ladha sikuisikia.

Jumanne nikampelekea Mzee Hamisi kesi yangu. Aliposikia gazeti akafumba macho, aliposikia jiko la mkaa akaweka nyundo chini. "Sasa mama, nailoni ulikosaje? Mkate huwa unauziwa mkononi?" Jamani. Mkate ulikuwa mezani kwangu siku ile ile, umevikwa nailoni yake.

Wiki mbili baadaye, mchana, naona Mzee Aminieli anaingia getini kwangu, peke yake, ana kifurushi. Akakaa barazani, akafungua: ala yangu, imefunguka vile vile. "Nimeleta mgonjwa," akasema. Nikaleta sindano na uzi wa nta, nikashona, yeye anatazama mikono yangu kama saa nzima. Nilipotaka kubandua lile gazeti la matapeli lililobaki ndani akanizuia. "Hilo liache. Siku Elibariki akinisumbua nitamsomea."

Kisha akasema, akiwa bado anatazama sindano, "Nilitaka kujua kijana amelelewa na nani. Mtu mwingine angekimbilia nje ya ukumbi."

Nikajifanya natafuta mkasi.

Siku hizi akija ananiita Mama Ala, na ukoo mzima umemfuata, nimeshazoea. Ngozi bado nachonga, Jumanne na Alhamisi kama kawaida, na nimeapa sitaikimbiza tena hata kama harusi ni kesho. Nailoni za mkate ninazo kumi na saba, nimezikunja kabatini, na ile ya leo nimeshaifua iko kwenye kamba.