Bega la Wafula

Nikinusa dawa ya kuchua misuli hata leo, huondoka mahali hapo, kwa sababu hivyo ndivyo alivyonuka Kocha Barasa mwaka ule aliporudi kwetu Kimilili. Alikuwa amecheza raga ng'ambo, ile ya wachezaji kumi na watatu, ambayo ukiangushwa unainuka na kuurudisha mpira nyuma kwa unyayo. Goti lilimuuma, akaomba kutolewa, na uwanjani hakurudi tena. Lakini ungemsikia sokoni! Debe tupu haliachi kuvuma. Watu wazima waliacha kupima mahindi wakamkodolea macho akijisifu, mama yangu akiwa mmoja wao, na shule ikamkabidhi vijana wetu kama anayemkabidhi fisi bucha.

Kaka yangu Wafula alikuwa ametahiriwa Agosti hiyo. Kwetu Wabukusu, kijana husimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, na akitetemeka, aibu humfuata mpaka kwa wajukuu. Kocha alilijua hilo vizuri, mshenzi yule. Muhula uliofuata tulikwenda Kitale kucheza, nami nikafuatana na timu kushangilia. Wafula akaangushwa, bega la kulia likateguka. Nililiona limening'inia vibaya ndani ya jezi. Akaomba kutoka. Kocha akaja mbio, akamwinamia, akapaza sauti ikasikika mpaka barabarani: "Si ulisimama kisu juzi? Ati sasa bega, bana? Ama tuite wazee warudie kazi?" Watu wakacheka. Wafula akainuka, akaurudisha mpira kwa unyayo, akacheza mpaka mwisho, midomo imemkauka. Tulishinda, na Kocha akabebwa juu juu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: goti lake lilitafutiwa daktari, bega la mtoto wa wenyewe likatafutiwa matusi.

Siku hizi anafundisha timu moja ya Bungoma, kitambi mbele, mdomo ni ule ule. Utotoni nilidhani mtu mkubwa ni yule anayepigiwa makofi. Leo nawajua wapigaji, na wengi wao siwapi hata salamu. Mwezi uliopita walimfanyia sherehe, Wafula akasisitiza twende. Kocha akashika kipaza sauti: "Wote niliowafanya wanaume, inueni mkono wa kulia niwaone!" Mikono ikapanda. Wa Wafula ulifika kifuani, ukagoma.

"Na huyo mzee wa nyuma?" Kocha akauliza. "Ati hata mkono ni mzito, bana?"

Hakumtambua. Ukumbi mzima ukacheka. Wafula naye akacheka, na hilo ndilo ambalo sitamsamehe Kocha mpaka naingia kaburini.