Ngoma Zetu na Mama Aliyetulea

Watu wa mjini wakinisikia nikisema tulikuwa na mlezi, hudhani nazungumzia serikali. Serikali gani? Huku Gachoka, aliyetulea sisi wapiga ngoma alikuwa mjane mmoja tajiri, mwenye duka la mbao na ng'ombe wengi. Alitununulia ngozi, akatupa chumba cha mazoezi, akatupeleka kwenye kila harusi ya ukoo wake. Kila mtu alimwita Mama, hata waliomzidi umri.

Mimi nilipiga ngoma kubwa. Marehemu baba aliichonga kwa gogo la mti wa muringa, na fundi mwingine kama yeye hatukuwa naye. Ngoma hiyo ikipotea, basi, tumekwisha. Nilijua hivyo siku zote.

Mwaka jana Mama akaokoka. Tulifurahi naye, kwani sisi ni makafiri? Jumapili si tunaimba kwaya? Kisha akatuma neno kwamba ana ibada ya shukrani nyumbani kwake, twende na ngoma zote, hata zile mbovu. Hapo ningeshtuka. Lakini tulikuwa tumekaa miezi bila kuitwa popote, na mwenye njaa hana miiko.

Tulipofika tulikuta moto mkubwa uani. Tukafurahi jamani! Ngoma ya ngozi haipigwi kabla ya kuota moto, ngozi ikaze, sauti itoke. Tukasema Mama bado anatujua. Tukazipanga wenyewe kuuzunguka moto, ile ya baba mbele kabisa. Nikaigonga kwa kidole, nikaona imeanza kuitika.

Mhubiri akaja na mtungi wa mafuta ya taa, akazimwagia zote, akazisukumia motoni kwa mguu.

Nilipiga mayowe mpaka wenzangu wakanishika mikono. Uchungu ule sijui niuelezeje, ni kama kumzika baba mara ya pili. Mama akanijia akitokwa na machozi ya kweli, akanikumbatia.

"Mwanangu, zile zilikuwa za shetani," akaniambia. "Nitawanunulia kinanda."

Nikamwambia baba yangu hakuwa shetani. Mama akanifuta uso kwa leso yake, kisha akatuomba tuwaimbie wageni wimbo wa kanisani.

Nikaimba. Nani mwingine angetuita? Harufu ya ngozi ilikuwa imenijaa kooni, sauti inatetemeka, na Mama akainua mikono juu, akasema hajawahi kunisikia nikiimba vizuri namna ile.