Kinachobaki Kwenye Tenga

Pale sokoni wamembatiza Daktari, na shahada yake ni kisu cha kukatia mchicha. Mwenye kisukari akifika mezani kwake haondoki bila kusomewa. "Nusu ya sahani iwe mboga, dada yangu. Anza na mboga, wali ufuate, tena kidogo. Na dawa usiache, ukaja kunisingizia mimi!" Mkono unakata, kisu hata hakiangalii.

Ila nyumbani, jamani, alikuwa amechoka! Mumewe, fundi cherehani, alikuwa na kidonda kwenye kidole cha mguu, kimegoma kupona. Nesi alishawaambia wazi kwamba sukari isiposhuka, kidole kitakatwa. Na kila wakipima, sukari iko juu, haina habari na mtu.

"Huyu mwanamume ananizunguka," alijiambia. Siku hiyo mchicha ulipomalizika tu, akajitwika tenga lake, huyo, mpaka kibandani kwa fundi. Hata salamu hakutoa. Akafungua chupa ya chai, akaonja. Haina sukari. Akavuta droo: vifungo, nyuzi, chaki. Akapekua mpaka nguo za wateja. Soda hakuna, biskuti hakuna.

"Unatafuta nini, mama watoto?"

"Unachokula kwa siri! Watu baki nawaelekeza, sukari zao zinashuka. Wewe mume wangu ndiye wa kuniaibisha? Unakula nini wewe?"

Fundi aliuondoa mguu wenye bandeji kwenye kanyagio, taratibu, amekunja uso kwa maumivu. "Nakula unachonipikia."

"Na mimi nakupikia nini?"

Fundi aliliangalia tenga kichwani kwa mkewe. Naye akalitua, akaangalia.

Viazi. Jana viazi, juzi viazi. Mboga za majani hazilali, kwa hiyo yeye huziuza zote, na sifa anajipa kwamba hakuna jani analorudi nalo nyumbani. Kinachobaki kwenye tenga ndicho kinachoingia sufuriani.

"Sasa wewe mdomo huna? Ulishindwa kusema?"

"Nimwambie nini Daktari?"

Alitaka kufoka tena, akauangalia ule mguu, hasira zote zikamrudia mwenyewe.

Kesho yake, kabla hajapanga meza, alichagua fungu nono la mchicha akalificha chini ya kiti. Jioni mteja mmoja akalichungulia. "Daktari, si hilo hapo? Nikatie basi."

"Hilo lina mwenyewe," akamjibu kwa ukali, "na anadaiwa kidole."