Ndoo ya Mtoni

Mama mkwe wangu alikuwa na mabwawa mawili ya samaki bondeni, chini kidogo ya Nyabugogo, mahali ambapo kelele za stendi zinafika zimeshachoka. Kila aliponunua vifaranga vya samaki, ndoo moja aliimwaga mtoni. Maji ya mabwawa yanatoka mtoni, alisema, kwa hiyo mto nao upate chake. Mimi ni fundi cherehani, Mtanzania niliyeoa Kigali, na Jumapili zangu nilizimalizia pale, nimelala kifudifudi ukingoni, ukungu ukipanda taratibu kutoka kwenye majani.

Asubuhi moja niliona samaki wakizunguka. Polepole, duara baada ya duara, mbavu zikimeta. Niliwatazama mpaka nikasahau chai. Nilidhani wanacheza. Mimi na ujuaji wangu, nikamwita mama mkwe aje aone raha. Akaja, akatazama, akaketi chini palepale.

Daktari wa mifugo alisema ni bakteria, wamekuja na vifaranga vipya. Wanaozunguka hawaponi tena: wauawe, wafukiwe na chokaa, na chochote cha bwawani kisiende mtoni. Mtoni kuna kambale wa asili, na mzee jirani yetu, anayevua kwa ndoana chini ya daraja, analisha nyumba yake kwa hao.

"Mwaka hii mto haitapata kitu," mama mkwe alisema. Ilimuuma, niliona. Akaniachia jembe, akaenda kuswali adhuhuri.

Waliokufa niliwafukia. Watano walikuwa bado wanapumua, na roho ikakataa. Nani anafukia kinachopumua? Nikawaza kwamba maji yanayotembea yatawaosha. Nikawaza pia, Mungu anisamehe, kwamba mto utapata ndoo yake. Nikawamwaga. Wakazama wakizunguka, na mwanga wa jua ukazunguka nao. Siku nyingi baadaye, mbele ya cherehani yangu mtaani Muhima, niliendelea kuwaona wakishuka katika ule ukijani wa maji, nami nikajiona mtu mwema kweli.

Wiki chache zikapita, mzee akaja na ndoo. Ndani mlikuwa na kambale mmoja, ngozi ina vidonda vyekundu, mapezi yameliwa.

"Mama, wewe iko na mabwawa, unajua hii kitu," alisema. "Ni ugonjwa gani? Hii ni ya tatu napata."

Mama mkwe alinigeukia mimi. "Wale samaki ulifukia yote, mwanangu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mzee alikuwa ananitazama kwa heshima, kama mtu anayesubiri dawa.

"Watano niliwapeleka mtoni," nikasema.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alimwambia mzee asimle yule kambale, asimuuze, na aache kuvua kwanza. Mzee akauliza, mpaka lini? Mama mkwe akalileta jembe, akaniwekea mkononi, akasogeza ndoo karibu na miguu yangu.

Nikainama kutazama. Kambale alikuwa bado anapumua.