Baba Alipovikwa Shuka la Mkwewe

Mama alikuwa ameweka mlangoni ndoo ndogo ya asali, imefungwa mfuniko kwa nailoni, na majogoo wawili waliofungwa miguu. Baba alivipita vyote akatoka uani. Nilipoinama kuichukua ile ndoo alinigeukia.

"Acha hivyo. Hatuendi kutembea. Tunakwenda kumchukua mtoto."

Mtoto aliyemsema ni mdogo wangu wa kike, aliyeolewa na Mmasai wa kijiji cha chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamasai wanauita Mlima wa Mungu, na ambao mpaka leo unatema moto. Redio ilikuwa imetangaza kwamba umeanza tena kurusha majivu. Baba alilisikiliza tangazo lile kama mtu aliyelisubiri. Wazee wa mume walipokuja kwetu Mungaa, Singida, kuposa, aliwaacha wakae juani bila hata maji ya kunywa, akawaambia hana binti wa kupeleka kwa watu wanaolala chini ya moto. Ndoa ilifungwa kwa juhudi za baba zetu wadogo, na siku hiyo yeye alishinda na ng'ombe malishoni.

Basi tukasafiri mikono mitupu. Tulipopita Katesh aliutazama mlima Hanang' dirishani, umetulia na mawingu yake kichwani. "Huu ndio mlima," akasema. "Umekaa kwa adabu." Tulipofika Mto wa Mbu tukapanda lori lililobeba mahindi na magodoro, tukaenda na vumbi mpaka tukauona ule mwingine, umesimama peke yake, mweupe juu kama umemwagiwa chokaa, na moshi mwembamba ukitoka kileleni.

Mama mkwe wa mdogo wangu alitupokea nje ya boma. Alinishika mikono yote miwili, akamsalimu baba kwa heshima. Kisha macho yake yalikwenda nyuma yetu, mahali ambapo mizigo ya wageni ingekuwa. Alitazama mara moja tu, akayarudisha haraka. Nilitamani ardhi ipasuke. Kwetu hata mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa hakosi yai la kubeba, na sisi tulikuwa tumekwenda kwa wakwe, kwa mjukuu ambaye hatujawahi kumbeba.

Jioni hiyo walichinja mbuzi.

Baba alitaka kusema jambo lake palepale, lakini mdogo wangu alimwekea maji ya kunawa. "Kula kwanza, baba. Maneno hayaozi." Alikula kidogo, akasema amechoka, akaenda kulala.

Kesho yake nilimsaidia mdogo wangu kazi. Nguo alizokuwa ameanika usiku zilikuwa na unga wa kijivu, akazikung'uta bila kulalamika. Kila ndoo ya maji ilikuwa na mfuniko. Watoto walichora ng'ombe kwa vidole juu ya pipa lililojaa majivu, mama zao wakifuta walichora tena. Niliyagusa majivu nikalamba kidole, nikasikia uchungu wenye chumvichumvi.

"Huogopi?" nilimuuliza.

"Niliogopa mwanzoni. Unazoea, kama upepo wa Singida. Ninachoogopa ni majani. Yakishikwa na majivu mbuzi wanaumwa."

Jumapili watu wa pale hupanda kilima kimoja kuutazama mlima, kama watu wa kwetu Singida mjini wanavyokwenda kukaa kando ya ziwa Singidani. Wanawake hubeba chupa za chai na maandazi, vijana hupiga picha. Jumapili ile shemeji alimwendea baba, akasimama mbali kidogo kama adabu inavyotaka.

"Baba, shikamoo. Karibu twende ukauone. Ukishauona, lolote utakaloamua tutalisikiliza."

Kumbe alijua tumefuata nini. Baba alichukua fimbo yake akaja.

Kule juu palikuwa na furaha. Mdogo wangu alibaki nyumbani na mtoto, kwa hiyo nilikaa na baba pembeni, shemeji akawa anasalimiana na watu. Mama mmoja alitumiminia chai. Baba alikuwa hajamaliza chai yake, mlima ukanguruma. Haukuwa mlio wa radi. Ulitokea chini, ukapita miguuni. Kisha nguzo nyeusi ya majivu ikapanda kutoka kileleni, ikafunguka. Wenyeji walisimama kutazama, wengine wakainua simu. Mzee mmoja alisema unasafisha koo.

Baba alikimbia. Alitupa kikombe na fimbo akateremka kilima mbio, mtu wa umri ule, akaanguka kwenye changarawe kando ya kichaka. Nilipomfikia shemeji alikuwa ameshatangulia. Baba alikuwa amekaa, na suruali yake ya kaki imelowa kuanzia kiunoni hadi magotini. Alikuwa amejikojolea.

Shemeji aliona. Najua aliona kwa sababu alisimama ghafla kama mtu aliyekanyaga mwiba, akatugeuzia mgongo. Kwetu mkwe haoni utupu wa mkwe, na kwao ni vilevile. Alivua shuka lake jekundu la juu, akabaki na kaptula na fulana, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Shemeji, mpe baba. Kuna baridi."

Jua lilikuwa linachoma. Watu walianza kuteremka kuuliza, akawapigia kelele kutoka palepale alipokuwa: "Mzee ameteleza tu, hajaumia. Rudini mtazame, unaongeza." Wakageuka kutazama mlima.

Nilimvua baba suruali nikamfunga lile shuka kiunoni. Sikuwahi kumgusa baba yangu namna ile. Hakunitazama. Alisema neno moja tu, kwa Kinyaturu, kwamba mama asijue.

Tulirudi, shemeji ametangulia mbele sana. Mama mkwe alipomwona baba ndani ya shuka alipiga makofi kwa furaha. "Leo mkwe wangu amekuwa Mmasai. Amependeza." Hakujua. Baba alitazama chini, nami nikacheka ili mtu mmoja kati yetu awe amecheka. Mdogo wangu alinitazama mkononi, akaona suruali niliyoikunja, akaenda kubandika maji ya kuoga. Niliifua mtoni peke yangu. Majivu yaliendelea kuanguka, kila nikiisuuza inapata unga mwingine.

Habari ya kumchukua mdogo wangu haikutajwa tena. Asubuhi shemeji aliondoka na vijana kuhamisha mbuzi kwenda malisho yasiyo na majivu. Alikuja kuaga, akasimama mbali kuliko siku zote. "Safari njema, baba." Baba alijibu, "Haya." Shuka aliliacha kitandani, limekunjwa.

Baada ya mavuno ya alizeti walikuja Mungaa, shemeji, mdogo wangu na mtoto. Walileta blanketi la kumpa baba na mbuzi jike. Mama alipika tangu alfajiri. Baba aliposikia pikipiki zinakaribia alichukua jembe akaenda shamba la mbali, ambalo halikuwa na kazi. Alifanya hivyo kila siku waliyokaa. Majirani walisema moyo wa mzee ni jiwe, mpaka leo hajamsamehe Mmasai wa watu. Mama naye aliamini hivyo, akalia jikoni. Mimi na mdogo wangu tulisikia, tukaendelea kuchambua mboga.

Siku ya kuondoka shemeji aliniita kando.

"Shemeji, nimekosa nini? Nilidhani kule tulielewana."

Jibu nilikuwa nalo. Nilitaka kumwambia hakuna mtu ambaye baba anamheshimu kuliko yeye, na ndiyo sababu hawezi kukaa naye meza moja. Lakini kulisema ni kumvua baba nguo mara ya pili, mbele ya mtu yuleyule aliyemgeuzia mgongo asimwone.

"Hujakosa," nilisema. "Baba ana kazi shambani."

Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, akampakia mtoto. Niliona hakuniamini, na sikuweza kumtazama usoni.

Baba alirudi magharibi, vumbi la pikipiki limeshatua. Alisimama nyuma ya nyumba akifuta jembe ambalo halikuwa na udongo.

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

"Alikula?"

"Alikula, baba."

"Alishiba?"

Nikasema alishiba. Akaniomba maji ya kunawa.