Watashuka au Watapita?

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikishona pamoja na baba yangu kwenye kibaraza cha nyumba yetu pale Gongoni, Tabora. Habari kwamba bendi kongwe ya Dar es Salaam ilikuwa inapanda bara tuliletewa na karani wa stesheni, jirani yetu. Hakuambiwa na mkubwa yeyote. Alizisikia kwa mwenzake wa Dodoma kwenye simu ya reli: kuna behewa limeombwa kwa ajili ya wanamuziki na vyombo vyao.

Baba aliondoa miguu kwenye cherehani. "Wanakwenda wapi?"

"Hapo ndipo sijui, mzee. Ila lazima wapite hapa."

"Kupita siyo kushuka," baba akasema.

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Tabora ndipo reli inapogawanyika, moja kwenda Mwanza, nyingine Kigoma, na tangu zama za misafara mji wetu umezoea watu wanaokwenda kwingine. Babu yake baba mwenyewe alikuja na msafara wa pembe akiwa mshona mahema. Alikusudia kupumzika siku tatu, akazikwa hapa.

Tangu siku ile kibaraza chetu kikawa baraza la washabiki. Aliyeongea kuliko wote alikuwa mwalimu kijana wa kijiji cha ujamaa cha Usoke. Kila Jumamosi alikuja na treni, eti kufuata chaki, suruali yake ya bugaluu ikifagia vumbi la mtaa mzima. Yeye aliapa kwamba bendi itashuka, tena itapiga siku mbili.

"Redio imewapiga mara tatu wiki hii," alisema. "Redio haimpigi mtu bure. Wanatuandaa."

"Na yule mpuliza saksafoni, bado yupo?" mtu aliuliza.

"Yupo. Ameng'oka meno tu."

"Saksafoni inapulizwa kwa meno?"

Wakabishana juu ya meno mpaka adhuhuri. Siku nyingine walibishana wimbo gani utafungua, au kama vijana wapya wa magitaa wataharibu nyimbo za zamani. Akaja mkulima mmoja kutoka Lusu, kule Nzega, aliyeteremka na lori la pamba. Alituamkia "Mwangaluka" kwa Kinyamwezi, akavua kofia, akauliza kama ni kweli. Alipojibiwa kwamba huenda ni kweli, alikwenda kulala kwa mpwa wake akisubiri, akiwa ameacha shamba kwa mkewe.

Baba hakubishana na mtu. Mimi nilijua kilichokuwa moyoni mwake. Mwaka wa uhuru bendi ile ilikuja Tabora, na yeye ndiye aliyewashonea makoti sita meupe kwa siku tatu. Vitundu vya vifungo vilishonwa kwa mkono na mama, maana cherehani yetu haikuviweza. Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na mmoja. Tangu hapo, bendi ile ikisikika redioni, baba alikuwa akisimamisha cherehani mpaka wimbo uishe, kisha anaendelea kushona. Nilitaka washuke kwa ajili yake. Na kwa ajili yangu pia, kwa sababu nilikuwa nimeanza kusahau sura ya mama, nikadhani labda watu waliomwona wangenirudishia kidogo ya sura hiyo.

Hatimaye karani alikuja asubuhi moja akitembea haraka, kofia mkononi.

"Ni leo, mzee. Lakini behewa lao linaungwa na treni ya Mwanza. Hawashuki."

Mwalimu, aliyekuwa ameomba ruhusa shuleni kwa sababu ya mgonjwa ambaye hakuwepo, alikaa chini kwenye ngazi. Baba aliingia ndani. Alitoka amevaa kanzu safi na koti lake la Idi.

"Treni husimama," alisema. "Twendeni."

Stesheni ilikuwa imejaa. Treni ilifika imechelewa, jua likiwa utosini, na wauza asali walikuwa wakikimbia na chupa zao kando ya madirisha. Behewa la wanamuziki lilikuwa la tatu kutoka mwisho. Mwalimu akapiga kelele, "Tupigieni japo kibao kimoja!" Kijana mmoja akatoa mikono mitupu dirishani kuonyesha kwamba vyombo vimefungiwa nyuma.

Kwenye dirisha lililofuata alikaa mtu mwenye mvi akimenya karanga. Baba alimtambua mara moja: ndiye yule mpuliza saksafoni. Alisogea, akaweka mkono kwenye ubao wa behewa.

"Ndugu, karibu Tabora. Mwaka wa uhuru mlikuja hapa."

Yule mzee alimtazama sana, na uso wake ukafunguka. Meno yote alikuwa nayo.

"Tabora! Nakukumbuka, ndugu yangu! Wewe ndiye uliyetupikia ule wali wa kuku! Mpaka leo nawasimulia hawa vijana."

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Baba alinigusa mkono.

"Ndiye mimi," alisema. "Ila aliyepika hasa ni mke wangu."

"Basi mkono wake mzuri! Msalimie sana. Mwambie hatujamsahau."

"Zitafika," baba akasema.

Yule mzee alimpa baba karanga zilizobaki kwenye karatasi. Treni ikapiga honi, behewa likashtuka, na tukasimama pale tukipunga mikono mpaka hakuna wa kumpungia. Mkulima wa Lusu alivaa kofia yake, akaenda kutafuta lori.

Njiani nilimwuliza, "Baba, mbona hukumwambia ukweli?"

"Alikuwa amefurahi kukumbuka. Na mama yako amesalimiwa leo. Ni nani mwingine anayemsalimia siku hizi?"

Nilitembea nyuma yake kidogo ili asinione machozi.

Tetesi hazikuisha. Wakirudi kutoka Mwanza watashuka, mwalimu alisema, na hawakushuka. Mwaka uliofuata tukaambiwa wanakuja kwenye sherehe za mavuno, hawakuja. Katika kungoja huko yule mwalimu aliacha kusingizia chaki, akaleta wazee wake kwa baba. Nikaolewa, nikaenda Usoke kwenye shamba la tumbaku la kijiji na nyumba ya mwalimu yenye vyumba viwili.

Na bendi ikaja. Ilishuka Tabora, ikapiga ukumbini mchana wa Jumapili, watu wakajaa hadi nje. Mimi nilikuwa nimejifungua mtoto wa kwanza, na barua ya karani ilinifikia siku tano baadaye. Aliandika kwamba baba alikwenda, na kwamba alicheza.

Sijawahi kumwona baba akicheza. Nilipokwenda kumwonyesha mjukuu nilimwuliza, akasema, "Nilikaa tu karibu na mlango." Hakutaka kusema zaidi, na miaka michache baadaye naye akaondoka duniani.

Hadi leo nikikutana na mtu wa Tabora wa rika lile, namwuliza kama alikuwepo Jumapili ile na kama alimwona fundi mmoja mwenye koti. Mmoja aliniambia alicheza taratibu, mkono mmoja mbele, kama aliyemshika mtu. Mwingine aliapa kwamba alicheza twisti mpaka watu wakampisha katikati. Wote nawasikiliza hadi mwisho, na wote nawaomba waanze tena. Siku hiyo nilikuwa Usoke, mwendo wa saa chache tu kwa treni, nimekaa nyuma ya nyumba nikimnyonyesha mwanangu, moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku ukipita juu yetu, na sikujua chochote.